Black Flag na albamu ya What The...: acheni kutuambia mashabiki wa zamani tunyamaze

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za "bendi gani ya panki ni kali kuliko zote", maana hapa sishindanishi mtu na mtu. Nina malalamiko na leo nayatoa yote.

Tangu Greg Ginn, mpiga gitaa na mwanzilishi wa Black Flag, bendi ya panki ya California, atangaze kikosi kipya cha vijana mwaka 2025, ubishi wa bendi hiyo umefufuka, na kila ninapopita nakutana na majibu yale yale: jina ni lake, kesi ya jina iliisha mahakamani, nyie wa zamani mnalilia ujana wenu. Ukiigusa What The..., albamu yao ya 2013, ndiyo kabisa, utaambiwa una chuki za kesi tu na albamu yenyewe haina tatizo lolote. Nimechoka. Albamu hiyo nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho, nyimbo zote 22, na nimeirudia mara nyingi nikiwa na nia safi ya kuipenda. Ilikuwa ya kwanza ya studio tangu In My Head ya 1985. Miaka 28 tumesubiri! Kilichokuja ni albamu yenye jina la Black Flag juu yake na ndani hakuna bendi. Hilo ndilo langu, na nitalieleza vizuri ili mtu asiseme nimepiga kelele bila hoja.

Someni mmoja mmoja nani anapiga nini. Gitaa, Ginn. Besi imeandikwa Dale Nixon. Sasa huyo Dale Nixon hayupo duniani, ni Ginn mwenyewe kwa jina la bandia alilolitumia tangu albamu ya My War ya 1984. Theremini, kile chombo kinacholia mtu akikipungia mikono bila kukigusa, Ginn tena. Wamebaki Gregory Moore kwenye dramu na Ron Reyes kwenye sauti. Watu wawili wanamfuata mtu mmoja aliyeshika kila kitu kingine.

Najua jibu litakalokuja: mbona hata kwenye My War besi alipiga yeye na mnaiabudu? Sawa, tuiweke mezani. Chuck Dukowski, mpiga besi wao wa zamani, alikuwa ameshatoka, mwingine hakukuwepo, Ginn akajaza pengo. Lakini nyuma yake alikaa Bill Stevenson kwenye dramu na mbele yake alisimama Henry Rollins kwenye maiki, na hao wawili hawakuwa watu wa kuburuzwa. Geuza santuri ile upande wa pili. Nyimbo tatu tu, kila moja imepita dakika sita, zote za mwendo wa kujikokota. Sikiliza Stevenson anavyochelewesha pigo. Gitaa linataka kwenda, dramu inalikatalia, na Rollins anahangaika katikati akipiga kelele mpaka sauti inakwaruza. Unasikia watu wanagombana kwa vyombo. Mwaka ule mashabiki wengi waliuchukia upande huo kwa sababu walizoea mbio, na baadaye ukaja kufundisha bendi nzima nzima namna ya kupiga polepole na kwa uzito.

Sasa weka What The... Gitaa likikata kona, besi imeshakata kona hiyo hiyo kwa sababu mkono ni mmoja. Likipanda, inapanda. Hakuna anayebisha wala anayemshtua mwenzake, besi inalifuata gitaa kama kivuli. Kisha theremini inaingia juu yao na kulia pale ambapo sauti ya Reyes ilitakiwa ipate nafasi ya kupumua, halafu wimbo unaofuata unaanza kwa mwendo ule ule na mlio ule ule. Ukifika wimbo wa kumi na kitu huwezi kusema umeanza upi na umemaliza upi. Nyimbo 22! Nervous Breakdown, santuri yao ya kwanza, ilikuwa na nyimbo nne, zote pamoja zinaishia kwenye dakika tano hivi, na kila mmoja unaujua kabla Keith Morris, mwimbaji wao wa kwanza, hajafungua mdomo. Sababu kubwa ni besi ya Dukowski. Ile besi haikuwa inasindikiza, ilikuwa inasukuma kwa nyuma mpaka unahisi wimbo utaanguka kifudifudi. Toa huyo mtu, toa yeyote wa kusimama mahali pake, halafu uniambie bendi imerudi?

Reyes simlaumu, na mnaomtukana mnanikera kuliko hata wanaoitetea albamu. Yule ameimba kwa nguvu zake zote. Kumbukeni alivyofanyiwa: mwaka 1980, akiwa mwimbaji wao, aliondoka katikati ya shoo, na santuri ya Jealous Again ilipotoka, sauti ikiwa ni yake, wakamwandika kwa jina la matusi. Zaidi ya miaka 30 baadaye akakubali kurudi. Na albamu haijapoa, Novemba 2013, akiwa jukwaani Perth, Australia, akaambiwa aachie maiki na atoke, nafasi ikachukuliwa na Mike Vallely. Sauti ya albamu ya marejeo imefukuzwa jukwaani ilhali watu ndiyo kwanza wanaifungua albamu! Halafu anayekasirika anaitwa mlalamishi.

Na hapa niwageukie wenzangu wa zamani, maana hatuko salama wote. Nusu yenu mlicheka kava mkaishia hapo. Ni kweli kava lile ni baya. Ni kweli kuona kava la Black Flag ambalo halikuchorwa na mchoraji wao Raymond Pettibon kunauma, kwa sababu ndiye aliyewapa jina lenyewe na ile nembo ya mistari minne ambayo watu wamejichora mwilini dunia nzima. Lakini mlipotumia miezi kucheka mchoro, mkaacha kusema lolote kuhusu muziki, mliwapa watetezi silaha ya bure. Sasa wanasema "nyie tatizo lenu lilikuwa picha tu." Tatizo lilikuwa masikioni tangu siku ya kwanza, na mngekuwa mmesikiliza mngelisema.

Turudi kwenye hili la "jina ni lake", kwa sababu ndilo linalonipandisha hasira. Mnaolisema mnaijua historia ya jina hilo? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya albamu ya Damaged, bendi iligombana na lebo ya Unicorn, na mahakama ikawazuia kutoa kazi kwa jina la Black Flag. Wakatoa Everything Went Black, mkusanyiko wa nyimbo za nyuma, kava likiwa na majina ya wanabendi bila jina la bendi. Kwa sababu hiyo Ginn na Dukowski walionekana wamedharau amri ya mahakama, wakalala jela siku tano. Wawili hao! Jina lililipiwa na watu wawili, mlango mmoja, jela moja.

Sogeza mbele miaka 30. Agosti 2013, Ginn na lebo yake ya SST wanakwenda mahakamani California kuwashtaki Morris, Dukowski, Stevenson, Dez Cadena na Stephen Egerton, waliokuwa wakizipiga nyimbo zile zile kwa jina la FLAG, na Rollins naye akaunganishwa kwa suala la alama ya biashara. Mtu aliyejua kwa mwili wake maana ya kunyimwa jina na mahakama akaiomba mahakama iwanyime wenzake, akiwemo yule aliyelala naye ndani. Oktoba jaji alikataa kutoa zuio, na mwaka uliofuata pande zote zikapatana. Mimi sibishani na mapatano. Haki ya jina ni yake, naikubali. Ninachokikataa ni mtu kuchukua karatasi ya mahakama na kuitumia kuniambia albamu ni nzuri. Mahakama haikuisikiliza besi ile. Mimi nimeisikiliza.

Kuna na lile la kusema kwamba shabiki hana haki ya kudai kitu, bendi haimdai na yeye haidai. Kwa bendi nyingine huenda. Kwa hii, hapana. Rollins alikuwa nani mwaka 1981? Kijana wa Washington anayeuza aiskrimu, amekwenda New York kuwaona, akawaomba wapige wimbo fulani kwa sababu asubuhi ana zamu kazini, akapewa maiki, akapanda akauimba mwenyewe. Muda si mrefu akaitwa ajiunge. Reyes na Cadena nao walikuwa watu wa karibu na bendi, wapenzi wake, kabla ya kuwa sauti zake. Reyes alipoondoka katikati ya shoo ile ya 1980, waliobaki waliendelea kupiga na watu wa chini wakawa wanapanda kushika maiki. Ndivyo bendi ilivyojengwa. Mstari kati ya jukwaa na watu wa chini haukuwepo, waliufuta wenyewe kwa makusudi. Huwezi kuja 2013 ukauchora upya ili watu wa chini wanunue na kufunga midomo.

Na kuhusu kulilia ujana. Mwaka 2010 Keith Morris, akiwa na miaka 55, alitoa nyimbo 16 na bendi mpya kabisa ya OFF!, nyimbo fupi, kali, kila moja inaingia na kutoka kabla hujakaa sawa. Kava amechora nani? Pettibon. Mwaka 2016 Descendents, bendi nyingine ya Stevenson, walirudi na albamu ya Hypercaffium Spazzinate, miaka 12 baada ya albamu iliyotangulia, Stevenson akiwa kwenye dramu na Egerton kwenye gitaa, wote wawili kati ya walioshtakiwa. Stevenson huyo alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa uvimbe kichwani miaka michache nyuma. Humo wanaimba kuhusu miili inayochoka na watoto wanaokua, na bado inapiga. Hatukulalamika! Mashabiki wale wale mnaowaita wazee wa kulia waliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndani kulikuwa na watu wanne wanaosikilizana na kubishana. Kwa hiyo msinipe habari za umri.

Kikosi kipya cha vijana sikihukumu. Wana haki ya kusikilizwa kwa kazi yao, na wakitoa albamu nitaisikiliza kama nilivyoisikiliza ile, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jambo la kwanza nitakaloangalia ni jina lililoandikwa mbele ya neno besi, na kama mwenye jina hilo ni mtu anayeruhusiwa kumkatalia Ginn.

Naomba wanaotaka kuitetea What The... wafanye hivi: chagueni wimbo mmoja, mmoja tu kati ya 22, mniambie ni wapi besi au dramu inafanya jambo ambalo gitaa halikuliamuru. Semeni dakika na sekunde. Nitaufungua hapo hapo na nitajibu kwa heshima. Anayekuja na "jina ni lake", aya ziko hapo juu, azisome kwanza.