Naomba ushauri: dada yangu wa Glasgow arudishe kadi ya chama au abaki?

Mwana_Kaloleni (mwanzilishi wa uzi), Agosti 2024

Salaam kwenu nyote. Nina jambo la kifamilia lililogeuka kuwa la siasa, nami ningependa kulisikia likichambuliwa na watu wasionijua kabla sijamjibu mwenyewe.

Dada yangu mkubwa amekuwa muuguzi mjini Glasgow tangu 2009. Kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kihalali huruhusiwa kupiga kura, alishiriki katika kura ya maoni ya tarehe 18 Septemba 2014 kuhusu uhuru wa Uskoti, akaupigia upande wa Ndiyo, ulioshindwa kwa takriban asilimia 45 dhidi ya 55. Katika siku zile za majonzi alijiunga na SNP (Scottish National Party), chama cha wastani wa kushoto kinachopigania uhuru huo, na hakuwa peke yake, kwani chama kilichokuwa na wanachama wapatao 25,000 kilipita 100,000 kufikia Machi 2015.

Sasa tawi lake limemteua mjumbe wa mkutano mkuu utakaofanyika Edinburgh mwishoni mwa mwezi huu, naye ananiambia kwenye simu kwamba badala ya kwenda angependa kurudisha kadi. Mtajua yaliyokipata chama hicho: Nicola Sturgeon, kiongozi wa chama na wa serikali ya Uskoti, alitangaza kujiuzulu Februari 2023, Humza Yousaf akamshinda Kate Forbes katika kura ya kumrithi kwa asilimia 52 dhidi ya 48 (mamake Yousaf alizaliwa hapa Kenya, na nakiri kwamba nyumbani kwetu tulimshangilia kama mpwa), mwaka mmoja baadaye Yousaf akavunja mapatano yake na chama cha Kijani, akajikuta hana kura za kutosha katika Bunge la Uskoti, akaondoka, John Swinney akachukua uongozi bila mpinzani. Kisha tarehe 4 Julai viti vyao vya Westminster, yaani bunge la Uingereza mjini London, vikaporomoka kutoka 48 vya uchaguzi wa 2019 hadi 9.

Tawini kwake, wako wanaosema kwamba uhuru uwekwe kando mpaka serikali irudishe imani ya watu, na wako wanaosema kwamba chama kisichodai uhuru kila siku hakina sababu ya kuwapo. Wawili waliokuwa wakigawa karatasi za kampeni naye nyumba kwa nyumba sasa hawasalimiani. Swali alilonitupia ni hili: baba angefanya nini? Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa KANU, chama tawala cha Kenya enzi hizo, pale Kaloleni. Nimjibu vipi?

MwalimuMstaafu

Ndugu yangu, mwambie asirudishe kitu. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1992 tulikwisha kulipa karo ya somo hilo. FORD, vuguvugu la upinzani, ilianzishwa Agosti 1991, ikawakusanya karibu wote waliochoka na chama kimoja, na kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 ikawa imepasuka: Oginga Odinga na FORD-Kenya, Kenneth Matiba na FORD-Asili. Rais Moi wa KANU akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Waliohama walikuwa na sababu zao, tena nyingine nzuri, lakini aliyefaidika na sababu hizo ni yule waliyetaka kumwondoa.

Huko Uskoti pia wamekwisha kujaribu kuhama. Alex Salmond, ambaye ndiye aliyekifikisha chama kwenye kura ya 2014, alizindua chama cha Alba mwaka 2021, na katika uchaguzi wa mwaka huo hakikupata hata kiti kimoja.

BintiWaNgara

Shikamoo Mwalimu, ila naomba nipingane nawe kidogo. FORD iligawanyika kwa swali la nani awe mgombea urais. Hakuna aliyekuwa akibishana kama Moi aondoke au abaki. Mgogoro wa SNP ni wa aina nyingine, na mtu asipoutofautisha atamshauri dada wa watu vibaya.

Wanachobishania ni njia, na jina la kiongozi limekuwa kifupisho cha njia. Tarehe 23 Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kutunga sheria ya kuitisha kura ya maoni ya uhuru bila ridhaa ya Westminster. Siku hiyo mlango ambao chama kilikuwa kimewaahidi wanachama wake kwa miaka minane ulifungwa, na tangu hapo kila kiongozi amekuja na ufunguo wake. Sturgeon alitaka uchaguzi mkuu wenyewe uhesabiwe kama kura ya maoni, lakini alijiuzulu kabla ya mkutano maalumu wa kulijadili. Yousaf alipitisha mkutanoni Aberdeen, Oktoba 2023, kwamba chama kikipata viti vingi zaidi ya nusu ya viti 57 vya Uskoti, hiyo iwe idhini ya kuanza mazungumzo na London. Walipata 9. Kwa kipimo walichojiwekea wenyewe wamefeli, na hakuna kiongozi mpya anayeweza kulifuta hilo kwa kubadilisha picha kwenye mabango.

Kwa hiyo swali la kumuuliza dada yako ni kama anakubali kwamba kwa sasa hakuna njia ya kisheria isiyopitia London, au hakubali. Kumpenda Swinney au Forbes ni jambo la baadaye. Akikubali, ana kazi ya kufanya ndani ya chama. Asipokubali, kila mkutano utakuwa adhabu kwake.

Msomaji_Pangani

Mnasahau feri. Serikali ya SNP iliagiza feri mbili mwaka 2015 kwa pauni milioni 97, ya kwanza ikiwa imeahidiwa 2018, na kufikia Agosti hii ya 2024 hakuna iliyokuwa imebeba abiria. Sisi tuliosimama foleni Likoni tunaelewa jinsi feri inavyoweza kumfanya mtu asitake kusikia habari za katiba.

BintiWaNgara

Ndugu wa Pangani, kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Chama kimetawala tangu 2007, kwa hiyo mpiga kura anakihukumu kama serikali, ilhali mwanachama anakihukumu kama harakati. Anayesema "rekebisheni hospitali kwanza" na anayesema "hospitali hazitarekebishika bila uhuru" wote wako kushoto, na wote wanasema kwa nia njema.

MwalimuMstaafu

Marahaba, Binti. Nakubali kwamba FORD si mfano ulio sawa kabisa. Basi nitoe ulio karibu zaidi, maana sisi tuliwahi kuwa na chama kilichogawanyika kwa kiongozi na uhuru kwa pamoja. Mwaka 1961 KANU ilishinda uchaguzi, ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe, na chama pinzani cha KADU cha Ronald Ngala kikakubali kuingia serikalini. Ndani ya KANU walikuwako walioona kwamba kuufunga uhuru wa nchi kwa mtu mmoja ni kuuchelewesha. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo, wakaonekana waliosubiri ndio waliokuwa na akili. Lakini mwaka 1966 Odinga, yule yule aliyethubutu mbele ya Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 kumtaja Kenyatta kuwa kiongozi wa kweli, aliondoka KANU akaunda chama cha KPU, kwa sababu bendera ilikuwa imepatikana na mashamba hayajapatikana.

Yaani hata uhuru ukija, ugomvi wa kushoto na wastani unabaki palepale, tena unazidi makali. Dada yako ajue hilo kabla ya kudhani kwamba kuna chama kingine ambacho hakitamchosha.

Mwana_Kaloleni

Nawashukuru. Nilimsomea dada maneno yenu jana usiku. Aliyanyamazia ya Mwalimu kuhusu FORD, akacheka ya feri, na kwa lile swali la Binti akajibu papo hapo kwamba anakubali, njia inapita London, na kinachomuudhi ni kuona viongozi wake wakijifanya kila mwaka kwamba wamegundua njia ya mkato. Nikamwambia basi aende Edinburgh akaseme hivyo hivyo kwenye kipaza sauti, kadi ataweza kuirudisha Septemba. Ameshakata tiketi ya treni, ingawa hajaniahidi zaidi ya hapo.

Kabla hajakata simu aliniuliza kama baba aliwahi kurudisha ya kwake. Sikuwa najua. Leo asubuhi nimelifungua sanduku lake la bati, na kadi ya KANU imo, na chini yake, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa uzi, imo ya KPU, chama kilichopigwa marufuku mwaka 1969. Hakutuambia hata siku moja. Nimezipiga picha zote mbili nikamtumia.