Nibu pana ya italiki: macho ya herufi yanaziba, nitumie wino gani?

Karani wa Usiku

Habari zenu wakuu.

Nina barua kumi na nne za marehemu babu mzaa mama. Karatasi zimeanza kukatika kwenye mikunjo, kwa hiyo nimeamua kuzinakili zote kwa mkono kwenye daftari moja, zibaki kwa watoto. Babu alikuwa na mkono mzuri sana. Mistari ya kushuka minene, ya kukata myembamba kama uzi wa buibui, na wino wa kahawia uliokolea hapa ukapauka pale ndani ya neno lilelile. Ndiyo maana nikachukua nibu pana ya italiki, yaani ncha ya kalamu ya wino iliyokatwa bapa, milimita 1.5. Kabla ya hapo, kwa miaka sita, sijawahi kushika kitu kisicho nibu nyembamba.

Shida ni hii. Wino wangu wa bluu wa kila siku, ambao kwenye nibu nyembamba hauna matata kabisa, hapa unafurika. Macho ya "e" na "a", yale matundu ya ndani, yanaziba, na mistari myembamba inavimba hadi kukaribia ile minene. Nikajaribu wino mweusi wa kampuni nyingine, ukaja na ugonjwa wake: mguu wa pili wa "M" kwenye "Mpendwa" unatoka na ufa mweupe katikati, kingo zote mbili zina wino lakini ndani patupu. Wa tatu ulikuwa wa kijani. Huo ulichora uzi mzuri sana, ila baada ya sentensi nne kalamu inakauka nasubiri.

Wenzangu mnaoandika kwa nibu pana, mnatumia wino gani? Nataka wa kahawia, na nataka ule ukolevu unaopanda na kushuka.

Ukurasa Mweupe

Karatasi gani kwanza? Kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi hata wino mzuri utaota mizizi.

Karani wa Usiku

Clairefontaine, gramu 90. Wino hausambai wala hautokezi upande wa pili. Nadhani karatasi haina kosa.

Mzee wa Barua

Ndugu Karani, karatasi yako ni nzuri, tuiache.

Mstari wa milimita 1.5 una eneo mara tatu ya ule wa milimita 0.5 kwa urefu uleule. Maana yake nibu yako mpya inakunywa. Ule ulimi wa plastiki ulio chini ya nibu ndio unaoleta wino, na una kasi yake. Wino unaotiririka kwa urahisi mno unapita mpasuo ulio katikati ya nibu na kufurika, halafu mstari mwembamba unanenepa. Wino mkavu unabaki nyuma ya mkono wako, na kalamu inakauka katikati ya sentensi. Wino wako wa bluu na wa kijani wamekaa kwenye ncha hizo mbili.

Watu wengi wakichagua wino wa nibu pana huangalia mstari mnene, kwa sababu ndiko rangi inakoonekana. Mimi naangalia ule mwembamba. Mnene utajitunza wenyewe, utajaa wino hata ukiwa mbaya. Mwembamba ukipotea, italiki yote imepotea, umebaki na kalamu nene tu. Kwa hiyo kwenye nibu za namna hii naegemea wino ulio mkavu kidogo. Pelikan 4001 ya kahawia, Brilliant Brown, nimeitumia miaka mingi: uzi unabaki uzi, na kwenye mstari mnene rangi inakusanyika chini, pale kalamu inaposimama kabla ya kuinuka. Hapo ndipo ule ukolevu unaoutaka unapozaliwa. Pilot Iroshizuku yama-guri ni kahawia nzito ya kupendeza, lakini inatiririka sana. Ningeiweka kwenye nibu inayotoa wino kwa uchoyo.

Ule ufa mweupe wa "M" usiulaumu wino haraka. Nibu mpya mara nyingi huja na mafuta ya kiwandani. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, suuza vizuri, acha ikauke. Kisha angalia mkono wako. Nibu ya italiki ina ncha bapa yenye kona mbili, na zote mbili lazima ziguse karatasi. Ukiizungusha kidogo tu kona moja inainuka na mpasuo unaachana na karatasi. Sisi tuliotoka nibu nyembamba tuna mazoea ya kuzungusha kalamu bila kujijua.

Na swali moja la muhimu: herufi zako zina urefu gani? Pima "a" kwa rula.

Wino Kidoleni

Nakubaliana na Mzee, naongeza mawili. Usije ukashawishika na wino wa Kichina wa kuchorea, ule wenye gundi ya shelaki. Ukikauka ndani ya kalamu hautoki tena. Na hizi wino zenye chembe zinazometa, kama Emerald of Chivor ya J. Herbin, kwenye nibu pana zinapendeza kweli, ila tikisa chupa kabla ya kujaza na osha kalamu mara kwa mara, maana chembe zinatuama. Kwa barua za babu lakini, mimi nisingeweka kitu kinachometa.

Karani wa Usiku

Nimepima. "a" yangu ina milimita 4.

Mzee wa Barua

Basi nusu ya ugonjwa tumeupata, na hauko kwenye chupa.

Hati ya italiki huandikwa kwa kipimo cha upana wa nibu yenyewe. Mwili wa herufi ndogo ni upana tano. Nibu ya 1.5 inataka "a" ya milimita 7.5. Wewe unaiandika kwa milimita 4, hata upana tatu haujafika. Mstari wa juu wa "e" una unene wake, wa kati una wake, wa chini pia. Jicho litabaki na nafasi gani? Hakuna wino duniani utakaolifungua.

Sasa chukua barua ya babu na rula. Pima unene wa mstari wake wa kushuka, halafu pima "a" yake.

Karani wa Usiku

Nimekaa na barua ya kwanza chini ya taa muda mrefu. Mstari wa kushuka unakaribia milimita 0.8. "a" yake ni milimita 4 kamili. Upana tano, Mzee. Tano kabisa, mstari baada ya mstari.

Nimekuwa nikiiga urefu wa herufi zake kwa kalamu yenye upana karibu maradufu ya yake.

Mzee wa Barua

Alijua alichokuwa anafanya. Tafuta nibu ya 1.1. Kwa "a" ya milimita 5.5 itakaa sawa, na kwa milimita 5 bado macho yatapumua.

Kuhusu rangi, jambo moja ulifikirie. Barua nyingi za zamani tunazoziona za kahawia ziliandikwa kwa wino wa chuma, ule wenye chumvi ya chuma ndani yake, na siku zilipoandikwa zilikuwa nyeusi. Umri ndio umezigeuza. Huenda babu hakuwahi kuona kahawia hiyo unayoitafuta. Wino wa chuma bado upo: Salix ya Rohrer & Klingner hutoka bluu, kisha hewa inaufanya uwe bluu-nyeusi. Uko upande wa mkavu, na uzi wake ni mkali kama wembe. Una asidi, kwa hiyo usiuache ukaukie ndani ya kalamu. Osha kila unapojaza upya.

Karani wa Usiku

Narudi baada ya wiki mbili.

Nibu ya 1.1 ilifika, nikaiosha kwa sabuni kama ulivyosema. Nimejaribu Brilliant Brown na Salix kwa maneno mawili yaleyale, "mwanamume" kwa ajili ya nguzo, ile mistari ya kushuka, na "pepea" kwa ajili ya macho. Yote mawili yamefunguka. Salix ndiyo yenye uzi mwembamba zaidi, lakini nimechagua kahawia. Nimewaza sana ulichosema kuhusu weusi wake wa mwanzo, Mzee, ila mimi babu nimemjua kwa rangi hii. Watoto pia nataka wamjue hivyo.

Ufa wa "M" ulibaki siku tatu za kwanza. Ulikuwa mkono wangu, nilikuwa nainua kona ya kulia nikipanda kwenda mguu wa pili. Sasa naandika polepole, nibu nimeilaza digrii 45, na nikifika chini ya mguu nasimama kidogo kabla ya kuinua. Rangi inakusanyika palepale.

Barua ya kwanza imekwisha, kurasa tatu. Kwenye barua yake, neno "Mpendwa" lina tone dogo lililokolea chini ya mguu wa mwisho wa "M". Miaka yote nilidhani ni doa.