Baba mdogo wa mwanafunzi wangu na panya wa Montreal

Asista_Katuba:
Jambo wakubwa. Nafundisha ubongo mwaka wa pili, hapa Lubumbashi. Wiki iliyopita tulifika kwenye uraibu. Nikawaeleza panya wa watafiti Olds na Milner, Montreal, 1954: waya umeingizwa ubongoni, panya anabonyeza kitufe ili umeme umguse, anabonyeza tena na tena. Nikasema dopamini, ile kemikali ya ubongo, ni raha. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono: "Asista, baba mdogo wangu anasema lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, haimpendezi tena, inamchoma tumbo tu. Na asubuhi ndiye wa kwanza kwa mama muuzaji. Anafuata raha gani?" Oditoriamu nzima ikacheka. Mimi nikaangalia saa. Jumatatu narudi mbele yao, niseme nini?

Profu_mzee:
Mdogo wangu, kilichokuangusha ni hilo neno raha. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan waliandika mwaka 1993 kwamba kutamani na kufurahia ni vitu viwili. Panya aliyeharibiwa karibu dopamini yote, ukimtia sukari mdomoni bado analamba midomo kwa utamu, ila hatoki kwenda kuitafuta. Kwa mlevi ni kinyume: tamaa inazidi kuwaka, utamu wenyewe umebaki chini. Baba mdogo anasema kweli.

Zamani nilikuwa naleta darasani chupa ya maji iliyowahi kutiwa lutuku. Nafungua kizibo, harufu inatembea, wote wanaziba pua na kupiga kelele. Mwaka mmoja, kijana wa mstari wa mbele hakuziba. Nilimwona koo linapanda na kushuka, anameza mate, macho kwenye kizibo mkononi mwangu. Baada ya somo akaniambia ameacha miezi minne. Chupa sikuileta tena. Somo lilieleweka vizuri mno, na aliyelipia ni yeye.

Mama_Muuguzi:
Profu, hiyo ya chupa hapana kabisa!
Asista, mwambie huyo kijana wasije wakamfungia baba mdogo ndani eti aache leo. Anayekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa na kufa. Wampeleke kwanza kwa daktari.

Asista_Katuba:
Aksanti sana mama, nitamwita pembeni kabla ya somo. Profu, na yule wa mbele, aliendelea?

Profu_mzee:
Na masomo, ndiyo. Alihamia mstari wa nyuma, karibu na mlango. Sikumuuliza.