Nimetumiwa nauli na mwanaume nisiyewahi kumuona, tukutane mgahawani Sinza. Nishaurini

Fundi wa Kimara

Habari zenu wadau. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 33, naishi Kimara na binti yangu wa darasa la kwanza. Na baba yake tuliachana zamani, kila mtu na maisha yake. Kuna mama mmoja mteja wangu, namshonea vitenge na sare za kikoba chao, ananijua vizuri. Siku moja kaja kuchukua gauni akaniambia, "Fundi, nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mke hana, kazi anayo, anatafuta mtu mtulivu. Nikupe namba yake?" Nikamjibu mpe yangu, aanze yeye.

Akaanza. Huwa tunaongea jioni nikishafunga ofisi. Ni mtu wa taratibu, hakukatizi, anauliza leo umeshona nini na anasubiri jibu. Kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Picha hajatuma na yangu hajaomba, anasema tuonane kwanza. Hilo nimelipenda, maana sitaki kuchaguliwa kama kitambaa dukani.

Sasa juzi katuma nauli, elfu 30. Kimara hadi Sinza hata nikichukua bajaji ya peke yangu kwenda na kurudi, chenji inabaki. Na meseji ya hela imekuja na jina la mwanamke. Miadi ni Jumamosi saa 2 usiku, mahali kachagua yeye. Jana nilikuwa napeleka nguo ya mteja upande huo, nikapita kupaona. Chini baa na mgahawa, juu gesti. Bango la vyumba ni kubwa kuliko la chakula.

Natamani hili jambo liwe, sifichi. Ni muda mrefu sijatoka na mtu, na huyu nikiongea naye nalala nimefurahi. Lakini sitaki kula chakula huku ngazi ya kwenda vyumbani iko nyuma ya kiti changu. Nikimwambia tubadili mahali, ataona simwamini? Nauli niirudishe? Na kuhusu mtoto, mteja wangu anasema hakumwambia, kaniachia mimi. Nimwambie kwenye simu au tukishakaa?

Baba Wawili

Dada, ngoja nimtetee huyo ndugu kidogo. Sisi wanaume tumeliwa nauli mno. Unatuma, siku ikifika simu haipatikani. Wengine wanakuja, ila wanakuja na mashoga watatu ambao hawakualikwa, na wote wana njaa. Kwa hiyo mtu anayetuma nauli kabla hata hamjaonana anaweza kuwa anasema tu kwamba yuko makini. Elfu 30 inaweza kuwa ya teksi ili usipate shida usiku. Usianze kuihesabu kama kesi.

Jina la mwanamke nalo lina maelezo mengi. Tulipoambiwa tusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mwaka 2019 kuingia 2020, wengi walikuwa bado hawajapata namba hizo wakasajiliwa na dada, mama, mke. Wapo wanaotumia laini hizo mpaka leo. Au alimpa hela mtu mwingine amtumie. Ila hapa nakuwa upande wako: mtu wa kuingia na kutoka bandarini haendi bila kitambulisho, kwa hiyo laini ya jina lake anaweza kuwa nayo. Muulize moja kwa moja, "Hili jina ni la nani?" Mwenye jibu atajibu palepale.

Mahali pa gesti sipatetei.

Mhudumu wa Meza

Nimehudumia meza miaka mingi, nilianzia Kariakoo, nikaenda Mikocheni, sasa niko Masaki. Watu wanaoonana kwa mara ya kwanza tunawatambua wakiwa bado mlangoni. Simu sikioni, macho yanazunguka, "niko karibu na feni, nimevaa shati la bluu." Huwa nawaombea moyoni, kweli kabisa, kwa sababu wengi wamekuja kwa nia nzuri na wanaogopa.

Dada, badilisha mahali na ubadilishe saa. Sinza Jumamosi saa 2 usiku muziki unakuwa umeshapanda. Mtu hamjuani, halafu ili akusikie lazima akuegemee sikioni. Hayo si mazungumzo. Jumapili saa 9 alasiri watu wako na watoto wao, taa haihitajiki, kila mtu anaona kila mtu. Kwa wewe wa Kimara, Mlimani City ni rahisi: mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala ya kupita Sam Nujoma inakushusha pale pale. Walinzi wapo, watu wapo, na ukitaka kuondoka huhitaji kumsubiri mtu akuitie usafiri. Posta Jumapili usimkubalie. Ofisi na maduka mengi yamefungwa, mitaa imenyamaza, na ukitoka nje huoni hata wa kumuuliza njia.

Mkifika, msiagize chakula kwanza. Agiza juisi au soda. Soda inafunguliwa mbele yako, na mhudumu anayejua kazi anafanya hivyo bila kuombwa. Ukienda kunawa ukaacha glasi, ukirudi agiza nyingine. Kuku wa kienyeji au samaki wa kuchoma ni nusu saa na zaidi, na ukishaagiza umefungwa pale, hata kama dakika ya tano moyo umeshakataa. Juisi ikiisha na bado mnacheka, ndipo muombe menyu.

Kuna jambo linaniumiza nikiliona. Kaka anamwambia mgeni wake "agiza chochote," yeye anaagiza maji, anasema ameshiba. Hajashiba. Hela yake ni ya sahani moja. Dada anakula peke yake anatazamwa, na wote wawili hawafurahii. Pale ningependa mmoja wao awe aliuliza mapema, "Twende pa bei gani?" Chipsi mishikaki mezani kwa watu wawili wanaokula pamoja inanipendeza kuliko kamba wakubwa mbele ya mtu mmoja. Wewe ni fundi, una hela yako. Mwambie utalipa vinywaji, yeye alipe chakula. Lipa namba iko mezani, haina fedheha. Na muulize mhudumu kama bei za kwenye menyu zina VAT ndani, maana asilimia 18 ikiongezwa mwishoni imewahi kuwatoa watu jasho mbele yangu.

Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba mwanangu.

Mimi nauliza, huyo mteja wako yuko wapi? Aliyewaunganisha asijitoe. Zamani kwetu mshenga hakuwa mtu wa kutoa namba ya simu akaenda zake. Alijua nyumba zote mbili, alibeba maneno kwa adabu, na jambo likiharibika waliulizana naye. Simwambii awe na barua ya posa mkononi, bado mapema. Lakini anaweza kuja, akakaa nanyi dakika kumi, akasema "huyu ni mdogo wangu, huyu ni fundi wangu," akanywa chai akaondoka. Mwanaume akijua dada yake amekaa kwenye kiti kile muda mfupi uliopita, anakaa vizuri.

Nauli usiirudishe kwa hasira wala usiitumie. Iweke. Mkionana mkabidhi mwenyewe, "Hii ilizidi, nilikuja na ya kwangu."

Kaka wa Mbezi

Mtoto nyamaza kwanza. Akupende wewe, mengine yatafuata. Ukianza na mtoto kwenye simu, hata huko mgahawani haji.

Mhudumu wa Meza

Kaka wa Mbezi, asipokuja kwa sababu ya mtoto, dada ameokoa Jumapili yake.

Bi Mkubwa wa Tanga

Na mtoto hafichwi, mwanangu. Kumficha ni kumwambia huyo mwanaume kwamba wewe mwenyewe unamuona mzigo. Wala usifanye tangazo. Akikuuliza leo umefanya nini, sema "nilimpeleka binti yangu shule, kisha nikafungua ofisi." Basi.

Fundi wa Kimara

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia jana usiku.

Nilimwambia Sinza hapana, pana gesti, na mimi naja kuonana na mtu. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema pale alipajua kwa nyama choma tu, huwa wanaenda na wenzake wa kazini, hakufikiria macho yangu yangeona nini. Akaniomba samahani. Jumapili saa 9 amekubali. Jina nililiuliza vilevile: ni la dada yake mwingine, laini ya zamani ndiyo yenye hela. Mteja wangu nimempigia peke yake bila kumwambia mdogo wake kasema nini, akalitaja jina lile lile. Naye anakuja kutukutanisha, ila amesema hanywi chai tu, anataka na sambusa.

Mtoto nilimtaja kama Bi Mkubwa alivyonielekeza. Akauliza, "Anaitwa nani?" Sijamwambia jina bado. Nimemwambia ana miaka saba na anapenda kuokota vipande vya vitenge chini ya cherehani.

Nina swali moja la mwisho kwa Mhudumu. Binti atabaki kwa mama yangu Mbezi, na nataka niwe nimemfuata kabla ya saa 1 jioni. Nimwambie kaka wa watu tangu tukikaa kwamba saa 12 naondoka, au nisubiri ifike?

Mhudumu wa Meza

Mwambie mapema, kabla ya juisi. Na usichelewe zaidi ya hapo, jioni Ubungo panajaa.