Naomba ushauri: tarehe za barua pepe zimevurugika baada ya kurejesha nakala rudufu

Wataalamu, habari zenu. Baada ya diski ya seva yetu kuharibika, nilirejesha barua pepe kwa rsync (programu ya kunakili faili) bila kuweka -t, chaguo linalohifadhi muda wa faili (kosa ni langu), na sasa barua zote, hata za mwaka 2016, zinaonekana kwenye simu kana kwamba zimepokewa siku moja. Tunatumia Dovecot (programu ya seva ya barua pepe) na Maildir (mpangilio wa kuhifadhi kila barua kama faili yake), ambapo tarehe ya kupokelewa hutokana na muda wa faili kubadilishwa. Ninakusudia kuurekebisha muda huo kwa amri ya touch (inayobadilisha muda wa faili), nikisoma sekunde zilizo mwanzoni mwa jina la kila faili, zinazoonyesha barua ilipofika, badala ya mstari wa Date ulio ndani ya barua, kwa kuwa huo huandikwa upande wa mtumaji, ambaye saa yake huenda si sahihi. Je, njia hii ni salama, na je, nifute pia faili za dovecot.index.cache (ambamo Dovecot huweka taarifa za barua ili isizisome upya) kabla watumiaji hawajaingia tena?