Ukuta wa Hukumu ya Mwisho: jehanamu ichorwe wapi, na vipi?

fundi_njoro (Moshi)
Habari wakuu. Kuna ukuta wa ukumbi wa kanisa hapa mjini, upana mita 6, kimo mita 3, lipu ya simenti. Kamati inataka Hukumu ya Mwisho na jehanamu iwemo. Rasimu iliyopo imejaa moto wa njano kila kona, na ukisimama nyuma ya ukumbi huoni kingine zaidi ya moto. Naomba wanaojua historia ya picha hizi wanisaidie: watu wa zamani, Wakristo na wa dini nyingine, waliipangaje jehanamu hadi asiyejua kusoma akaielewa? Na inakaa upande gani?

sanawari_sanaa (Arusha)
Mkuu, anza na upande, maana hapo wengi huchemsha. Mathayo 25:33 inaweka mbuzi kushoto kwa Mfalme. Yeye anawatazama watu, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako wewe unayetazama ukuta. Ndivyo ilivyo kwenye jiwe la juu ya mlango wa kanisa la Conques, Ufaransa (karne ya 12), na ndivyo alivyofanya mchoraji Giotto kwenye kanisa dogo la Padua, Italia, mnamo 1305. Ukigeuza, wema wanaangukia upande wa mbuzi, na wazee wa kanisa wataliona kabla rangi haijakauka.

La pili ni njia ya kuingilia. Rasimu yako ina moto lakini haina mlango. Picha zilizodumu zinaonyesha kwanza mtu anafikaje kule. Giotto alitumia mto: moto unatoka kwenye duara la nuru linalomzunguka Kristo, unashuka na kuwasomba watu hadi chini kulia. Chanzo chake ni Danieli 7:10. Mtazamaji anafuata mto kwa jicho, hahitaji maandishi. Conques walitumia kinywa cha mnyama: kimejitokeza mlangoni, na shetani anawasukumia watu ndani. Jirani yake kuna mlango wa peponi, una bawaba na kufuli. Milango miwili ubavu kwa ubavu, kwisha maneno.

La tatu, adhabu ifanane na kosa. Kwa Giotto wala riba wamenyongwa kwa kamba za vifuko vyao vya fedha. Tazama hapo kwa makini: hakuna anayehitaji kuambiwa hawa walikosea nini. Baba wa aliyelipia kanisa lile, Enrico Scrovegni, alikuwa mla riba, na Enrico mwenyewe kachorwa upande wa waliookoka, akitoa mfano wa kanisa kama sadaka. Huo ndio uzito wa mchoro unaojua unamsema nani. Chagua makosa matatu au manne yanayoeleweka Moshi (mizani ya sokoni iliyochezewa, shamba la yatima lililoporwa), usijaze thelathini.

dada_kaloleni (Arusha)
Nyongeza, kaka, kwa kuwa umeuliza na dini nyingine.

Wachina na Wajapani hawakuanza na moto, walianza na ofisi. Mfalme anayehukumu wafu kakaa nyuma ya meza, karani ana daftari, marehemu kapigishwa magoti, na pembeni kipo kioo kinachoonyesha aliyoyatenda. Wafalme ni 10. Saba wa kwanza wanamhoji kila baada ya siku 7 hadi siku ya 49, wa nane siku ya 100, wa tisa akitimiza mwaka, wa kumi mwaka wa tatu. Ndugu hutoa sadaka siku hizo, kama kwetu tunavyoshika arobaini. Na kwa kuwa jehanamu ya Wabuddha ina mwisho, kwa mfalme wa kumi huchorwa njia sita za kuzaliwa upya. Wana pia jehanamu 8 za joto na 8 za baridi, ambako ngozi inapasuka kwa barafu. Kwa hiyo moto si lazima utawale ukuta mzima.

Wahindu: nenda Angkor Wat, Kambodia, ukumbi wa kusini, karne ya 12. Yama, mungu wa kifo, kapanda nyati na anaamua, kisha wenye hatia wanatumbukizwa chini kupitia tundu la sakafu. Mbingu 37 na jehanamu 32, zimepangwa kwa mistari, juu na chini. Misri ya kale, picha ya hukumu haina mateso marefu: moyo unapimwa kwa unyoya, ukizidi uzito unaliwa na Ammit, dubwana lenye kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko.

Kwa Waislamu msikitini huzikuti picha hizi. Zipo vitabuni, kama kitabu cha Miraji (safari ya Mtume mbinguni) cha Herat, Afghanistan, mnamo 1436, kilichopo Paris. Mchoraji ameweka nyuma nyeusi kabisa, ndipo moto wa dhahabu ukaonekana. Mti wa Zaqqum, ule wa jehanamu, kauchora una miiba, na matawi yanaishia kwa vichwa vya wanyama, kwa kufuata Qur'an 37:65.

Kamati ikitaka vinyago vya mashetani vya Kimakonde kwa kuwa ni vya kwetu, wakatalie kwa heshima. Mtindo ule wa miaka ya 1950, wa Samaki Likankoa, unaonyesha pepo wanaoishi kati ya watu. Hawaadhibu wafu.

rangi_na_lipu (Moshi)
Nyeusi ya Herat ndiyo dawa ya rasimu yako. Paka eneo la jehanamu kahawia iliyokolea kwanza, moto uje mwisho, mwembamba, na nyuso zipate mwanga kutoka chini. Mashetani wape kijivu cha buluu kama Giotto, la sivyo wanapotelea kwenye miili ya watu.

Vipimo: chora kwanza kwenye karatasi ya sentimita 60 kwa 30, miraba ya sentimita 5. Ukutani kila mraba unakuwa sentimita 50, jumla miraba 72. Jehanamu ipe mita 2 kwa 1.5, yaani sehemu ya sita. Kichwa cha mtu kisipungue sentimita 12, la sivyo nyuma ya ukumbi hakitasomeka.

Lipu ina muda gani?

fundi_njoro
Wiki mbili, mkuu.

rangi_na_lipu
Subiri itimize siku 28, na kama bado ina unyevu ongeza. Simenti mbichi inatoa chumvi nyeupe inayosukuma rangi, na rangi ya mafuta juu yake inageuka kama sabuni. Piga brashi kavu uondoe chumvi, kisha praima ya kuzuia alkali, kisha rangi ya maji. Nyekundu tumia oksaidi ile ya sakafu, haiungui kwa simenti wala haipaukii juani. Nyekundu kali za bei rahisi ndizo zinazopauka mapema, na jehanamu yako itabaki ya waridi.