Nimeongeza ruta ya pili mu parseli, sasa intaneti inakatika kwa wote. Munisaidie na hizi adrese IP

Mama Fotokopi, Katoyi

Jambo wapendwa. Niko Goma, Katoyi, mu parseli ya nyumba ine. Tunachanga abonema moja ya intaneti, kila nyumba inatoa sehemu yake mwisho wa mwezi, antena iko juu ya bati ya mwenye parseli na kable inashuka mpaka ku ruta iko mu saluni yake (sebule). Mimi niko nyumba ya nyuma kabisa, na kati yetu kuko ukuta wa mawe ya volkano, ule mnene wa zamani, wifi ikifika kwangu ni kamustari kamoja tu na mara kanapotea.

Sasa mimi kazi yangu ni fotokopi na kuandikia wanafunzi TFC zao (kazi ya mwisho wa masomo), bila intaneti siku yangu inakufa. Juma lililopita nikaenda Birere nikanunua ruta ya okazyo na kable ya metre 30, kuchimba hapa haiwezekani juu chini ni jiwe tupu, tukaipitisha juu ya ukuta tukaifunga ku misumari ya kamba ya nguo, nikachomeka upande mmoja ku ruta ya saluni na upande mwingine ku ruta yangu. Siku ya kwanza ilienda vizuri nikamshukuru Mungu. Kesho yake njo mateso ikaanza. Telefone inaonyesha wifi imejaa lakini inasema hakuna intaneti, dakika kumi inarudi, inaenda tena. Na siyo kwangu tu, ni parseli yote mpaka watoto wa mwenye parseli mu saluni. Umeme ukikatika ukarudi njo inakuwa mbaya kabisa. Masini (komputa) ya mdogo wangu imeandika kwamba kuko mgongano wa adrese IP, hatujui maana yake.

Majirani wameanza kusema nawakulia megabaiti. Naumia sana juu mimi nilitafuta suluhu siyo kuharibia watu. Munisaidie, nielezeni polepole kama mutu ambaye hajasoma hii mambo.

Kijana wa Himbi

Mama pole. Ingia ku parametre ya wifi ku telefone weka DNS 8.8.8.8 itakaa sawa, mimi kwangu ilikubali.

Fundi Ndosho

Kijana, DNS inatafuta majina ya saiti tu, haiwezi kuzima parseli nzima ya nyumba ine. Tusimrushe mama huku na huku.

Mama, usinunue kitu kingine na usiite mutu wa antena, antena haina kosa. Nataka unisomee namba kwanza. Chukua telefone moja mu saluni na nyingine kwako, kila moja ingia ku wifi, bonyeza ile rezo mumeungana nayo, teremka chini utaona adrese IP, ni namba ya ile telefone mu rezo, na utaona pia lango, ni mlango wa kutokea kwenda intaneti, wengine wanaandika paserele. Niandikie zote. Halafu niambie kable imeingia tundu gani ku ruta yako, ile iliyo peke yake imeandikwa WAN (ya kuingiza intaneti) ao moja ya zile ine za LAN (za vyombo vya ndani). Na ya mwisho, fungua navigateri andika 192.168.1.1 ukiwa kwako, halafu ukiwa saluni, uone kama ukurasa ni ule ule.

Mama Fotokopi, Katoyi

Asante fundi. Saluni: IP 192.168.1.103, lango 192.168.1.1. Kwangu: IP 192.168.1.100, lango 192.168.1.1. Kable iko mu tundu ya LAN ya pili. Na huu ukurasa umenishangaza, kwangu inafungua ya ruta yangu, ku saluni inafungua ya ruta yao lakini mtoto alirudilia mara ya tatu ikafungua ya kwangu! Na ingine, mdogo wangu anasema masini yake aliandikaka IP kwa mkono toka zamani, 192.168.1.100, juu ku shule walimwambia ivo.

Fundi Ndosho

Njo hapo. Umenipa yote.

Ruta zote mbili zimetoka ku duka na namba moja, 192.168.1.1, ruta mingi sana zinatokaka ivo. Fikiria avenue moja yenye nyumba mbili zote zimeandikwa numero 1. Telefone ikitaka kutoka kwenda intaneti inatuma kila kitu ku numero 1. Ikiangukia ku ruta ya saluni, inatoka ku antena, sawa. Ikiangukia ku ruta yako, ruta yako haina antena nyuma yake, inabaki na mzigo mkononi. Njo ile "hakuna intaneti" na wifi imejaa.

Ya pili: kila ruta iko na mgawaji wa adrese ndani, anaitwa DHCP. Telefone ikiingia inauliza "nani anipe namba?", na mwenye kujibu mbele njo anasikilizwa. Sasa muko na wagawaji wawili hawajuani, huyu anatoa 100 kwa telefone yako, yule anatoa 100 kwa telefone ya jirani, na mdogo wako amejiandikia 100 yake kwa mkono. Watu watatu kiti kimoja. Na umeme ukirudi vyote vinawaka pamoja vinauliza kwa mara moja, ruta yenye kuamka haraka njo inajibu, kwa hiyo siku hizo unaona balaa zaidi. Majirani hawajapoteza hata megabaiti moja kwako, unaweza kuwaambia ivo bila woga.

Dawa: mgawaji abaki mmoja, wa saluni. Ruta yako iwe tu kama tawi la wifi. Fanya kwa huu mpango, usiruke:

Chomoa ile kable ndefu kwanza. Masini ya mdogo wako muirudishe ku otomatiki, mu ipv4 kuko mahali pa "kupata adrese otomatiki", halafu iunge na ruta yako peke yake kwa kable fupi. Fungua 192.168.1.1, tafuta LAN, badilisha adrese ya ruta iwe 192.168.1.2, maski (ile namba inaonyesha rezo inaishia wapi) iache 255.255.255.0, rekodi. Itajizima na kuwaka. Rudi sasa na 192.168.1.2 (siyo 1.1 tena), tafuta DHCP, izime, rekodi. Halafu rudisha kable ndefu ku tundu ya LAN, tundu ya WAN iache wazi kabisa. Telefone zote zisahau wifi na kuingia upya.

Papa Keshero

Fundi umeeleza vizuri lakini mimi singefanya ivo. Nyumba ine ni nyumba ine, kila mutu na siri zake. Mama angeweka kable mu WAN, ruta yake aipe 192.168.2.1, DHCP aiache inagawa ya kwake 192.168.2.100 na kuendelea, na ugomvi unakwisha, kila nyumba na avenue yake. Mimi kwangu na wapangaji tunaishi ivo mwaka wa tatu.

Fundi Ndosho

Papa, hiyo inafanya kazi, sikatai, na kama wapangaji hawajuani njo ningewapa. Lakini angalia mambo mbili. Mwenye kufichwa pale ni mama tu, wa saluni hawamwoni, ila yeye ataendelea kuwaona wao, juu ruta yake inapitia mu rezo yao. Kwa hiyo siri iko upande mmoja. Na ingine, mama ana kazi ya kuprinti. Mama, imprimanti yako ni ya wifi? Kuko mutu wa nyumba zingine anakutumiaka kazi toka kwake?

Mama Fotokopi, Katoyi

Ndiyo ni ya wifi. Mtoto mkubwa wa mwenye parseli yuko mu masomo, anatumaka kurasa toka saluni, anakuja tu kuchukua na kulipa.

Fundi Ndosho

Basi ukifanya ya Papa, imprimanti itakuwa nyuma ya ukuta na masini ya saluni haitaiona. Baki na ya 1.2.

Na imprimanti njo kitu kimoja ningekipa namba ya kudumu, juu ikibadilika kila umeme ukirudi utapoteza wateja. Uliza wa saluni wafungue ruta yao mu DHCP muone inagawa toka wapi mpaka wapi. Kama ni 100 mpaka 199, wewe chukua namba chini ya 100, mfano 192.168.1.20, hapo hakuna mwingine atapewa. Maski 255.255.255.0. Na lango, hapa watu wengi wanakosea, andika 192.168.1.1 ya saluni, siyo 1.2 yako, juu mlango wa kutokea ni ule tu. Usiogope namba kuisha, mu rezo ya namna hii kuko nafasi 254.

Bukavu Nguba

Samahani naingilia. Mimi sina ruta, nachukua bando ku telefone nagawa ku masini ya Windows, na masini inagawa kwa wengine. Wao wanapata namba za 192.168.137, na masini yenyewe iko na 192.168.43. Ni virusi?

Fundi Ndosho

Hapana, iko sawa kabisa. Windows ikigawa intaneti inajiita 192.168.137.1, na 43 ni ya Android nyingi za zamani, ni avenue mbili tofauti kwa hiyo hazigongane. Hizo zote za 192.168 ni adrese za ndani, ziliwekwa pembeni kwa kazi hii pamoja na za 10 na za 172.16 mpaka 172.31, iko mu RFC 1918, karatasi ya kanuni za intaneti ya mwaka 1996, kila nyumba duniani inaweza kuzitumia. Usizibadilishe kwa mkono.

Mama Fotokopi, Katoyi

Wapendwa narudi. Jana saa mbili usiku tulikaa chini na mdogo wangu. Tulipobadilisha kuwa 1.2 ukurasa ukabaki mweupe, nikasema nimeua ruta ya watu, moyo ulinipiga! Kumbe tulikuwa bado tunaandika 1.1. Tukachomoa kable fupi tukairudisha, tukaandika 1.2, ikafungua. Tukazima DHCP. Tukapandisha kable ndefu.

Telefone zote zilikubali, kwangu nasoma 192.168.1.112 na lango 1.1. Masini ya mdogo wangu njo ilikataa, ikaandika 169.254 na namba zingine ndefu, hii ni nini?

Fundi Ndosho

169.254 ni masini ilipiga hodi ku mgawaji, hakuna mutu alijibu, ikajipa namba yenyewe. Inawezekana iliuliza wakati kable ndefu haijafika. Fungua ule dirisha mweusi wa Windows, unaitwa cmd, andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikiendelea, kamata kile kichwa cha kable ukisukume mpaka usikie "ta!".

Mama Fotokopi, Katoyi

Ilikuwa kichwa cha kable! Haikuingia yote. Imepata 192.168.1.115.

Leo asubuhi umeme umekatika, umerudi saa ine, nikasimama mbele ya ruta natazama taa zinawaka moja moja, na vyote vikarudi bila kelele. Imprimanti iko 1.20, mtoto wa saluni ametuma kurasa 46 zimetoka zote. Jirani aliyesema nawaibia amekuja mwenyewe kuniuliza kama naweza kumvutia kable na yeye. Papa Keshero asante pia, nimeandika ya kwako mu kaye. Fundi, Mungu akubariki. Huyu jirani nimpe namba gani?

Fundi Ndosho

Ruta yake 192.168.1.3, DHCP izimwe mbele kable haijapanda ukuta. Na uandike ku karatasi, 1 saluni, 2 wewe, 3 jirani, 20 imprimanti, uibandike chini ya ruta ya saluni.